Gunia Lina Kilo Ngapi?

Nyinyi vijana wa kompyuta mnaopita hapa kwangu Funyula kuniuliza mambo ya kazi, mnajua nina swali moja ninalolitanguliza kabla ya chai. Gunia lina kilo ngapi? Wengi hucheka. Wengine huchomoa simu wakaanza kutafuta. Mmoja wenu alinijibu, "Madam, mimi ni wa software, si wa nafaka." Huyo nilimpa chai pia, ila haikuwa na maziwa.

Jina langu ni Nabwire. Niliandika programu Malaba kwa miaka mingi, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la mabati, na lugha niliyoitumia zaidi ni ActionScript. Najua wengi wenu hamjaiona. Ilikuwa lugha ya Flash, na siku hizi vivinjari vyote vimeifungia mlango, kwa hiyo mkiitaja mnaitaja kama marehemu wa kijiji cha mbali. Mimi nilimjua marehemu huyo. Alinisomeshea watoto, na sitaki asemwe vibaya nikiwa nimekaa hapa.

Lakini sikukaa kuomboleza. Nataka niwaambie namna ya kupanga msimbo unaotumiwa na programu zaidi ya moja. Mkisikia hivyo mnaona usingizi, najua, kwa sababu mnadhani ni habari ya folda tu. Habari hiyo ya folda nusura impeleke seli mzee mmoja wa Moding ambaye hakuwa ameiba hata punje, na mimi sijaisahau, wala nyinyi sitawaacha muisahau.

Anzieni hapa: mpakani kila kitu kina nakala. Ukifika Malaba, kabla hujaona mkia wa foleni ya malori, umeshaona kibanda cha fotokopi. Kitambulisho, kibali cha mzigo, kadi ya chanjo, vyote vina nakala, na nakala ina nakala yake. Dereva asiye na karatasi za ziada ndiye anayelala barabarani. Sasa watu waliozoea hivyo ukiwapa kompyuta watafanya nini? Watanakili.

Boss wetu, Wafula, alikuwa mtu mwema mwenye haraka. Yeye hakuandika programu, alitafuta wateja, na alikuwa hodari kiasi kwamba angeweza kuahidi kitu asubuhi kisha akaja kutuuliza mchana kama kitu hicho kinawezekana. Nilizoea sauti yake nyuma ya kiti changu.

"Nabwire, huyu mtu anataka yake Ijumaa. Chukua ile ya ushirika wa Butula, copy, weka logo yake, badilisha rangi. Si hiyo tu?"

Si hiyo tu. Lakini tulifanya. Kwenye mashine kulikuwa na folda inayoitwa Stoo, na kando yake Stoo_mpya, halafu Stoo_mpya_kabisa, Stoo_hii_ndiyo, na nyingine Stoo_usiguse. Stoo_usiguse ndiyo iliyoguswa kuliko zote.

Aliyenifundisha kazi ni Owor, mtu wa Tororo, aliyevuka daraja kila asubuhi na karanga za kukaanga kwenye mfuko wa shati. Kiswahili chake kilikuwa cha upande ule, cha sokoni, lakini msimbo wake ulikuwa safi hadi unaona haya kuweka wako karibu. Nakala alizichukia. Kila Wafula akitoka, Owor alitafuna karanga mbili tatu kisha akaniambia maneno yale yale, akiniita nyabo, yaani madam kwa kwao, kama alivyowaita wanaume ssebo.

"Nyabo, ukikopi hivi umezaa mapacha. Mmoja unampeleka Butula, mmoja unabaki na yeye hapa. Yule wa Butula akigonjeka, huyu wa hapa nani atamwambia?"

Nilicheka. Wakati huo nilikuwa na kazi nyingi na mapacha walionekana hawanisumbui.

Sasa sikilizeni vizuri maana hapa ndipo penye jambo. Programu ya kwanza kubwa tuliyoiandika ilikuwa ya mawakala wa forodha, wale wanaowatolea watu mizigo mpakani. Owor ndiye aliyeiandika. Ndani yake aliweka faili moja dogo aliloliita Gunia, kazi yake kugeuza idadi ya magunia kuwa kilo. Mahindi ya upande wake huja kwa magunia ya kilo mia, basi akaandika mia. Alikuwa sahihi. Baadaye mimi nikaandikia ushirika wa wakulima wa Butula programu ya stoo. Nikalinakili lile faili, na kwa kuwa gunia la huku kwetu ni kilo tisini, nikaandika tisini. Nami nilikuwa sahihi, na mtu akiniamsha leo nitaandika vile vile.

Halafu akaja Mama Anyango. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa nafaka mwenye ghala kubwa kando ya barabara ya Malaba, mama mrefu, sauti ya kanisani, asiyependa kuambiwa jambo mara mbili. Wafula akamwahidi programu ya ghala, na ghala hilo likapewa nakala ya ile ya Butula. Tuliitengeneza alasiri moja, tukabadilisha rangi ikawa ya kijani. Ilifanya kazi bila kulalamikiwa kwa sababu ilikaa peke yake. Ile ya mawakala ilikuwa kwa mawakala, ile ya ghala ghalani, hazikuwa zimewahi kuonana. Ikawa hivyo mpaka Mama alipoomba ripoti moja inayozikutanisha: wakala wake ameingiza kilo ngapi, ghala limepokea kilo ngapi. Tukamwandikia.

Ripoti ya kwanza ilipotoka, Mama Anyango alipanda ngazi zetu mwenyewe, nyuma yake kijana wa duka amebeba kreti ya soda.

"Wafula," alisema huku akikaa, "software yako ni kali. Imenishikia mwizi."

Tukapongezana. Soda yangu nilishaifungua alipoanza kueleza. Kwenye kila lori, alisema, ilipotea sehemu moja kwa kumi. Magunia yalitimia, hakuna hata moja lililopungua. Kilo ndizo zilizokosekana. Maana yake ni kwamba stookipa wake alikuwa akifungua kila gunia, anachota gorogoro tano, yaani kilo kumi, anashona tena. Na kwa vile mahindi yenyewe yalikuwa yameshaondoka kwenda kwa wenye mashine za kusaga, hakukuwa na gunia la kupima.

"Lakini kompyuta haina ndugu," akasema Mama. "Ijumaa nampeleka polisi. Nimempa hizo siku akae afikirie vile atanieleza."

Stookipa huyo ni Emojong. Nilimjua. Alikuwa Mteso wa Moding, mzee wa kanisa, mikono mikubwa iliyobonyeza vitufe vya kompyuta taratibu kama anayeogopa kuviumiza. Nilipokuwa nikienda kumfundisha programu hakuniacha niondoke bila viazi vitamu. Nilimtazama Mama Anyango akinywa soda yake, na ile yangu ikanishinda.

Kesho yake nikaenda ghalani. Emojong alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, amenyang'anywa funguo. Wapakiaji walikuwa wakipita na magunia ya maharagwe begani, na mmoja akasema kwa sauti ya kutosha, "Fungu la Kumi, habari ya asubuhi?" Wenzake wakacheka. Hilo ndilo lilikuwa jina lake jipya, na kwa mzee wa kanisa hamwezi kupata jina baya kuliko hilo.

"Mzee, umelala?" nikamuuliza.

"Nimelala chini, nikalala juu, yote ni kulala." Akaitazama mikono yake. "Nabwire, mimi kompyuta siijui. Lakini hiyo kompyuta inanijua vibaya."

"Wewe hukuchukua?"

"Hata mbegu moja. Nimeapia bibi yangu nyumbani. Aliniuliza mara moja tu, halafu akanyamaza. Afadhali angepiga kelele."

Nilirudi ofisini kwa miguu, na nikiwa njiani hasira ikanipanda, hasira nzuri ile inayofanya kazi. Maana nilianza kujiuliza: ni mwizi gani huyu? Mwizi ana siku ya kuiba gunia zima na siku ya kuogopa. Kuna siku anaumwa. Kuna siku bosi yuko karibu. Huyu wetu aliiba sehemu ile ile, kwenye kila lori, lori kubwa na lori dogo, jua na mvua, bila kukosea hata kilo. Binadamu hana nidhamu hiyo. Ni kitu kimoja tu mle ghalani chenye nidhamu hiyo.

Nikamwambia Owor. Alivuta kiti akaja upande wangu. Tukafungua programu ya mawakala kushoto na ya ghala kulia. Tukaenda hadi kwenye faili la Gunia katika kila moja, na pale pakawa na mia upande huu na tisini upande ule.

Owor aliacha kutafuna.

"Banange," akasema kwa mshangao. "Hii ni yangu. Hii ni yako. Na zote ni sawa."

Tukatafuta jina hilo kwenye mashine nzima. Gunia lilikuwa katika kila folda, mpaka kwenye Stoo_usiguse. Mengi yalikuwa na tisini, mengine mia, na moja la wauza mchele lilikuwa na hamsini. Faili moja, jina moja, na kila mtu alikuwa amelirekebisha nyumbani kwake bila kumwambia mwenzake. Niliona aibu kwa niaba ya chumba kizima, na papo hapo nikaona furaha, kwa sababu Emojong hakuwa mwizi na sasa ningeweza kulionyesha jambo hilo kwa kidole.

Tulimwita Wafula tukamwonyesha. Alizisoma namba zote mbili, mikono kiunoni.

"Sawa," akasema. "Badilisheni hiyo namba leo. Ripoti ijayo itatoka safi."

"Na Emojong?" nikauliza.

"Mama akiona wizi umeisha, roho itatulia. Atamsamehe mzee."

"Atamsamehe kosa gani, boss?"

Wafula akafunga mlango. "Nabwire, sikiliza. Tukienda kusema ni sisi, kesho Malaba nzima inajua software yetu inasingizia watu. Nani atanunua tena? Hapa ndipo unakula, hapa ndipo Owor anakula."

Alikuwa anasema kweli, na sikumchukia kwa kusema. Lakini nilikuwa nimekwisha kuamua tangu barabarani. Nikamwambia kwamba namba ile tuliiandika sisi, kwa hiyo maneno ya kuifuta lazima yatoke kwetu, na kwamba mimi nitaenda kwa Mama Anyango akitaka asitake. Sikupaza sauti.

Owor akafunga kompyuta yake ya mapajani akaiweka kwapani. "Mimi naenda na nyabo. Ukitaka kunifuta, ssebo, nifute tukirudi."

Ilikuwa Alhamisi, mvua imeshika. Tulimkuta Mama Anyango ghalani, kwenye meza yake karibu na mlango, na Emojong yuko kwenye kiti chake cha plastiki, sasa amekisogeza ndani kwa sababu ya mvua. Sikutoa hotuba. Mnisikie hapo, vijana: mteja usimweleze msimbo, mpe kitu cha kubonyeza. Niliweka programu mbili mbele yake, kila moja na dirisha lake.

"Mama, andika gunia moja hapa kwa ile ya mawakala."

Akaandika moja. Ikatoka mia.

"Sasa andika gunia moja kwa hii yako."

Akaandika moja. Ikatoka tisini. Akafuta, akaandika tena, akibonyeza kwa nguvu zaidi. Tisini. Akaandika mbili, akaandika kumi, akarudi kwenye moja.

"Hii ni nini, Nabwire?"

"Gunia la Uganda likivuka daraja halipungui, Mama. Programu zetu ndizo zinazolipunguza. Owor aliandika la kwao, mimi la kwetu, na tukakuletea wewe la kwetu bila kuuliza mahindi yako yanatoka wapi. Kilo ulizokosa hazikuwahi kupotea."

Mvua ilikuwa inapiga mabati hadi ikabidi niyarudie maneno yale. Mama Anyango alimtazama Owor, akanitazama mimi, na nikaona hasira ikitoka kwa mzee ikihamia kwetu. Nilishukuru. Ilikuwa imefika kwenye anwani yake.

"Kwa hivyo nimewaita mnitengenezee stoo, mkanitengenezea mwizi."

"Ndiyo, Mama."

Akamgeukia Emojong. "Mzee, umesikia. Chukua funguo zako."

Emojong hakuzichukua. Aliinuka, kiti kikainuka naye kidogo kisha kikaanguka, na alipoanza kusema sauti yake haikuwa kubwa.

"Mama, funguo nitachukua. Lakini wewe uliniita mwizi hapo nje, watu wa mizigo wote wakisikia. Sasa unaniondolea jina hilo hapa ndani, na mvua inapiga kelele. Hapana. Ulinivisha huko, nivulie huko huko."

Nilidhani Mama angekasirika. Aliizungusha pete yake kidoleni, kisha akajifunga leso kichwani, akatoka kwenye mvua. Aliwaita wapakiaji wote chini ya paa la mbele, akawaambia kwa sauti ile ya kanisani kwamba Emojong hajaiba, kwamba kompyuta ilikosea na yeye Anyango aliiamini kuliko mtu aliyemjua, na kwamba atakayesikika akisema Fungu la Kumi atatafuta kazi Busia. Hakuna aliyecheka. Emojong alipokea funguo kwa mikono miwili. Mimi nililia, na sioni haya kuwaambia, Owor naye alikuwa akitafuta kitu kwenye mfuko wa karanga ambacho hakikuwemo.

Tukiwa tunaondoka Mama aliniita. "Wewe. Sitawafukuza, kwa sababu mmekuja wenyewe. Lakini mnitengenezee kitu kimoja. Sitaki hii mambo ya wawili wawili."

Nilipomfikishia Wafula maneno hayo alikaa chini kwanza. Kisha akatupa kile tulichokuwa tumemlilia siku zote, nafasi ya kusimamisha kazi mpya na kukusanya msimbo wetu mahali pamoja. "Lakini haraka," akasema, maana ndivyo alivyoumbwa.

Sasa nawapa ya vitendo. Tuliunda mradi mpya usio na skrini, usio na logo, usioweza hata kufunguka wenyewe. Katika ActionScript mradi wa namna hiyo unaitwa maktaba, na ukiujenga unakupa faili moja lililofungwa, SWC. Programu zote zinalitumia faili hilo. Yetu tuliiita Kisima.

Tulibishana kwanza: je, kila programu ielekezwe kwenye folda ya msimbo wa Kisima moja kwa moja, au ipewe lile faili lililofungwa? Kuelekeza ni rahisi, na mimi nilipenda rahisi. Lakini ukiwa ndani ya kazi ya mteja, umekasirika, mteja yuko kwenye simu, mkono unateleza unabadilisha msimbo wa wote ili umtulize mmoja. Owor akashikilia lile lililofungwa. Unga ukishasagwa unapika, hurudi kuchambua mahindi. Alishinda, na alistahili.

Wiki za kwanza tulikosea kwa upande wa pili. Tulifurahia Kisima tukatupa kila kitu humo, picha, rangi, sauti za kengele. Wakala mmoja wa forodha akafungua programu yake asubuhi akapokelewa na picha ya mama ananyonyesha, iliyotoka kwenye programu ya zahanati. Alipiga simu kuuliza kama ni sheria mpya ya mpakani. Tangu hapo tukawa na kipimo: kitu hakiingii Kisima mpaka programu mbili zikihitaji kweli, na majina ya vifurushi vya msimbo yataje kazi, uzito, tarehe, namba za magari. Jina la mteja halikuruhusiwa humo.

Kosa jingine lilikuwa baya zaidi kwa sababu halikuonekana. Mtu alikuwa ameandika ndani ya Kisima amri ya kwenda kwenye skrini kuu ya programu na kubadilisha maandishi yake. Kwenye ghala la Mama skrini hiyo ilikuwepo. Butula haikuwepo, programu ikaanguka. Hapo ndipo Owor aliponifundisha jambo ninalowapa nyinyi kama urithi: maktaba isimjue anayeitumia. Ikiwa na neno la kusema, ibishe hodi, itangaze tukio, na mwenye nyumba ataamua kuitika au kulala. Mgeni hafungui milango ya vyumba vya watu.

Na mwiko. Mnacheka, lakini ulitusaidia. Siku hizo mtandao wetu ulikuwa ukija na kuondoka kama fundi wa mabomba, hivyo msimbo wa Kisima uliishi kwenye flashi moja ya USB, nakala ya akiba ikiwa imefungiwa kabatini. Mmeona ufunguo wa choo cha hoteli unavyofungwa kwenye kipande cha mti ili mtu asiondoke nao? Nilikwenda sokoni nikanunua mwiko wa ugali, mkubwa, wa kupikia matanga, nikaifunga flashi kwenye mpini kwa uzi. Anayetaka kubadilisha Kisima anyanyue mwiko, aseme kwa sauti anabadilisha nini na kwa nini, wote wasikie. Kama mwiko uko kwa mwenzako, unasubiri. Wafula aliona ni mchezo wa watoto hadi alipogundua kwamba hakuna tena simu za asubuhi za kutukanwa.

Jioni moja Owor alisahau akavuka nao ndani ya begi. Afisa wa upande wa pili akauvuta mwiko nje, akautazama ule uzi na ile flashi.

"Hii ya nini?"

"Ya kusonga code, ssebo."

Walimkalisha pale mpaka akili zao zilipochoka. Kesho yake asubuhi hakuna aliyeweza kufanya kazi hadi alipofika, na nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa.

Lakini faili lile la Gunia ndilo lililotugombanisha kwa siku kadhaa. Lilipoingia Kisima, Owor alitaka liwe na uzito wa kuanzia, kwamba asiyetaja kilo apewe tisini, kisha anayetaka mia aseme. "Ni rahisi kwa watu, nyabo." Nikakataa. Akasema basi iwe mia. Nikakataa. Nilisema asiyejua gunia lake lina kilo ngapi asipewe jibu lolote, na programu yake ikatae kujengwa kabisa mpaka akaulize. Alinieleza vizuri, kwa upole, kwa saa nyingi, na alikuwa mwalimu wangu. Nilimsikiliza na bado nikakataa. Kila nikitaka kulegea nilikiona kile kiti cha plastiki nje ya ghala. Mwishowe alinikabidhi mwiko akasema, "Kale, sawa. Andika wewe." Nikaandika hivyo, na haijabadilishwa mpaka kesho.

Flash ilipokufa, majirani zetu wa kazi hii waliandika upya kila programu, moja baada ya nyingine, na wengine wakachoka njiani wakafunga. Sisi hesabu zetu zote zilikuwa mahali pamoja. Tulizihamishia lugha mpya mara moja, tukazijaribu mara moja, zilizobaki zilikuwa skrini tu. Nililia kidogo kwa ajili ya marehemu, kisha nikafanya kazi. Nyinyi leo mna njia bora za kushirikisha msimbo, mnavuta maktaba ya mtu msiyemjua kwa amri moja. Vizuri. Lakini bado nawaona mkinakili kutoka kwenye simu, mnabandika, mnaondoka, wala hamjui ndani yake gunia ni kilo ngapi.

Siku niliyostaafu tulikula hapa hapa uani. Wafula alitoa hotuba ya haraka. Owor alikuja na karanga na mwiko, akanikabidhi, upo ukutani mnauona. Watu walipoanza kushiba, boda mbili zikaingia. Ya kwanza ilibeba gunia la mahindi. Ya pili ilimbeba Emojong, amezeeka, ameshika mizani ya kuning'iniza.

Hakusalimu mtu. Alifunga mizani kwenye boriti ya baraza, akaomba vijana wawili wanyanyue gunia, akasubiri lipunguze kuyumba. Kisha akavaa miwani, akasogea karibu.

"Hii ni ya shamba langu," alisema. "Nimemletea Nabwire. Lakini kwanza kila mtu aje aone mwenyewe, kusiwe na maneno baadaye."

Tulikwenda mmoja mmoja. Wafula aliangalia, Owor akaangalia, akaniangalia mimi, akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Nilipofika zamu yangu nikavaa miwani pia.

Lilikuwa kilo tisini na saba.